Mbwa Anayelinda kwa Ajili ya Mwenyewe

Jumamosi moja, wakati majirani zake walipokuwa wakifagia mitaro kwa ajili ya salongo, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, Gérard alisimama katika ua wa kituo cha mbwa walioachwa, huko Panzi, Bukavu. Alikuwa na beseni jipya la plastiki, kamba ya nailoni, na chupa ya sabuni yenye picha ya mbwa mweupe aliyechanwa nywele. Hakuwahi kufuga mbwa maishani mwake. Kwao Walungu mbwa walikuwa wa majirani, na watoto waliwajua kwa kuwatupia mawe.

Lakini Gérard sasa alikuwa mtu wa ofisi. Aliendesha semina za haki za ardhi katika shirika moja la pale Ibanda, na mkuu wake, mzungu aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, alikuwa amewaandikia wafanyakazi wote kwamba mtu mwenye utu hanunui mbwa, humchukua aliyetupwa. Gérard alipenda sana kuhesabiwa miongoni mwa watu wenye utu, hasa pale ambapo jambo lenyewe ni la bure.

Mbwa wengi wa kituo kile walitoka mashirikani. Mradi ukiisha, magari hugawanywa, jenereta hupigwa mnada, na mbwa huletwa kwa Yolande. Yolande ndiye aliyekiongoza kituo, mama mwenye buti za mpira na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Hakumpa mtu mbwa kabla ya kumuuliza maswali.

"Papa, kwako kuko clôture?"

"Iko. Ya matofali, na vyuma juu."

"Na parcelle ni yenu, ao munapanga tu?"

"Ni yetu," alisema Gérard, na kifua kikamtoka mbele kidogo. "Nilinunuaka. Niko na makaratasi yote."

Wakati akisema hivyo, mbwa mmoja wa rangi ya makande, mwenye sikio lililoliwa nusu, aliacha kujikuna akamtazama.

"Basi beba uyu," alisema Yolande. "Hana makelele, halume batu. Iko na tabia moja tu: analinda kwa ajili ya mwenye parcelle. Mutu mwingine hapite."

"Njo ile natafuta," alisema Gérard.

Walirudi nyumbani Nguba, mbwa ameketi kiti cha nyuma akiangalia ziwa kama abiria aliyelipa nauli. Gérard alimwogesha kwenye beseni barazani, huku simu ikiwa imeegemezwa kwenye ndoo ikimwonyesha namna ya kufanya. Alimwambia "assis" kwa sauti ya kwenye video. Mbwa alikuwa ameketi tayari, kwa hiyo Gérard alijipongeza. Mkewe Domitille alileta fufu na sambaza, wale dagaa wa ziwani, zilizobaki. Jumapili kwa Jumapili Domitille alikuwa kiongozi wa protocole parokiani, wale wenye utepe begani wanaowaonyesha waumini pa kukaa na kuwazuia mlangoni waliochelewa. Alipoona mbwa anavyosimama wima bila kubweka, akampa jina hilo hilo: Protocole.

Binti yao Charlène alimzungusha Protocole kiwanja kizima. Mbwa alinusa ukuta, akanusa nyumba mpya yenye vigae, akapita. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja cha zamani cha matofali ya kuchoma, kilichojengwa kabla Gérard hajanunua kiwanja, ambacho Domitille alikifanya stoo ya makaa na jenereta. Hapo mbwa alilala mlangoni alasiri yote, pua yake kwenye kizingiti. Jioni akainuka, akaenda kulala getini, kazi ikaanza.

Kesho yake familia ilikwenda misa. Waliporudi, Gérard alifungua geti, akaingiza gari, na gari likatokea barabarani, mdomo wake ukiwa umeelekea ziwani.

"Geuza muzuri," alisema Domitille, aliyekuwa na viatu vya kubana.

Gérard aligeuza vizuri. Akaingia tena, akatokea tena barabarani. Akashuka, akaingia kwa miguu akiwa na funguo mkononi, akajikuta amesimama kando ya mtaro na funguo zile zile. Domitille naye alijaribu, akinyoosha kitenge chake kwanza, akatoka pale pale alipotoka mumewe. Charlène alijaribu kwa kukimbia, ikawa tofauti ndogo tu, kwamba alitokea barabarani akikimbia. Ndani ya geti Protocole alikuwa amelala, anawatikisia mkia kwa upendo kabisa. Hakuwa na kinyongo na mtu.

Gérard akavua koti, akapanda ukuta, akapasua suruali kwenye vile vyuma alivyojisifia, akarukia ndani. Akaangukia barabarani.

Ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya geti hilo, kulikuwa na meza ya mama mmoja aliyeuza maparachichi, sambaza na mafungu ya makaa. Jina lake Madeleine. Alikuwa amekaa pale miaka yote tangu Gérard ahamie. Domitille alinunua kwake mara nyingi na alimwita "maman wa barabara." Siku hiyo Madeleine aliwasogezea benchi, nao wakakaa wote watatu na nguo zao za misa, wanaiangalia nyumba yao.

Ndipo mvua ikaja kutoka upande wa kisiwa cha Idjwi, ile isiyobisha hodi. Madeleine akakusanya makaa yake kwenye beseni, akatafuta pa kujikinga. Geti la mbele yake lilikuwa wazi. Akakimbilia ndani. Protocole akasimama, akampisha, akamfuata mpaka barazani akimlamba kisigino. Madeleine akasimama pale chini ya bati na beseni lake kichwani, hatua chache tu kutoka kile chumba cha zamani, akatazama nje. Aliona baba, mama na mtoto wakilowa mvua.

Kwa desturi yetu, mtu akisimama mvuani mbele ya mlango wako, humwachi pale. Hata kama humpendi.

"Muingie," alisema Madeleine.

Wakaingia. Ilikuwa rahisi hivyo. Mbwa alisogea kando, gari likaingia, milango ikafunguka. Domitille akamletea Madeleine chai barazani, kikombe cha plastiki, na mvua ilipopungua akamshukuru na kumkumbusha beseni lake.

Hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu wote walijua. Kiwanja kile kilikuwa cha Bisimwa, fundi mwashi, mume wa Madeleine, na kile chumba cha nyuma alikijenga kwa mikono yake Jumapili baada ya Jumapili. Bisimwa alipofariki, Madeleine alikwenda kuomboleza kwa wazazi wake Idjwi. Huku nyuma mdogo wa marehemu akaitisha baraza la ukoo, na ukoo ukakubaliana haraka kuliko ulivyowahi kukubaliana juu ya jambo lolote: mjane aliolewa na mtu, hakuolewa na ardhi. Aliporudi na godoro lake kichwani alikuta mafundi wa Gérard wanachimba msingi. Gérard alikuwa amesaini mkataba wa kununua siku zile zile alizokuwa akifundisha, huko Walungu, semina juu ya wajane na urithi. Alikuwa ameona nguo za mwanamke kwenye kamba ya kuanikia. Hakuuliza ni za nani, na alijisifu moyoni kwa busara hiyo.

Jumatatu Gérard alimrudisha mbwa Panzi.

"Nilikuuliza parcelle ni ya nani," alisema Yolande.

"Na mimi nilikujibu."

"Ulijibia mbele yake, papa. Sasa anatafuta huyo mwenyewe. Akishamupata, mi nitamufungia na kamba gani?"

Gérard akamwacha mbwa pale akaondoka kwa kasi. Alipofika Nguba, Protocole alikuwa ameshafika, amelala getini, hata hajachoka. Ikabidi Gérard avuke barabara kwenda kununua parachichi asilolihitaji.

"Maman, utusaidie tena kidogo."

"Muingie," alisema Madeleine kutoka mezani pake, na neno likafika.

Gérard hakukata tamaa. Alivaa suti, akapiga magoti mbele ya mbwa, akamfunulia hati ya kiwanja, mihuri ya kila rangi, ukurasa kwa ukurasa. Protocole alinusa kila ukurasa kwa adabu. Alipofikia ule wenye sahihi za baraza la ukoo akapiga chafya. Domitille alisema ni vumbi la kabati.

Maître Didier, wakili wa mtaa huo huo aliyeziandaa zile karatasi, alishauri sumu. Lakini Yolande alipoulizwa kwa simu alisema mbwa wa aina hiyo akifia kazini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu basi huendelea kulinda bila kupumzika: hali, halali, wala haendi kukojoa. Wakaachana na sumu.

Kisha Domitille akafanya kosa ambalo mtu aliyezoea mbwa asingelifanya. Alikuwa amewaona wazungu wa mashirika wakiwatembeza mbwa wao jioni kando ya ziwa, kamba mkononi, na jambo hilo lilimvutia. Akavaa raba, akamtoa Protocole matembezi kwenye avenyu. Mbwa alitembea kwa utulivu. Kwenye kila geti aliketi kidogo, akatazama ndani, akaendelea.

Jua lilipokuwa linazama nusu ya avenyu ilikuwa barabarani. Maître Didier alikuwa nje na taulo na povu la sabuni kichwani. Mheshimiwa mmoja mwenye jumba linaloingia mpaka majini alikuwa akiingia na kutoka kwenye geti lake na walinzi wake wote, kwa mstari. Wengine walikaa juu ya makreti ya bia, wakizungumza habari za umeme. Aliyeingia kwake bila shida alikuwa mwalimu mmoja mzee aliyestaafu, mwenye nyumba ya mabati iliyoinama, naye alichungulia dirishani, akawatakia jioni njema, akafunga pazia.

Kikao kikafanyika pale pale barabarani, maana hapakuwa na pa kukifanyia kwingine.

"Hakuna mutu anakukataza kuwa na imbwa," Maître Didier alimwambia Gérard, taulo lake akilishika vizuri. "Ni haki yako. Lakini isitembee. Tunaelewana? Iyi mutaa ni ya batu ya heshima."

Wakaelewana. Protocole akarudishwa ndani ya geti la Gérard, mageti mengine yakapona, na mtaa ukapata amani yake. Ikabaki shida ya nyumba moja, na kwa shida ya nyumba moja Gérard alikuwa na elimu ya kutosha. Alivuka barabara, akamwajiri Madeleine.

Cheo kilikuwa kizuri: mhudumu wa mapokezi. Alipewa kigoda ndani ya geti, mwavuli, na fulana ya mradi iliyoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa, ARDHI NI HAKI YA KILA MTU. Kazi yake ilikuwa kusema neno moja asubuhi kwa wageni na jioni kwa familia. Domitille alisimulia parokiani jinsi walivyomsaidia mjane. Gérard alimsimulia mkuu wake mpya ofisini, naye akaja na kamera, akasema hiyo ni njia shirikishi ya kutatua migogoro, akamwomba Madeleine atabasamu. Madeleine alitabasamu kidogo, na mbwa naye akapigwa picha.

Mwanzoni Madeleine aliomba kitu kimoja tu.

"Papa Gérard, kile chumba cha nyuma, bwana yangu njo alikijengaka. Munipe nikuwe nalala mule na batoto. Kule Kadutu mwenye nyumba ananifukuza."

"Maman, mule kuko jenereta."

"Jenereta itatoka."

"Tuko mu processus," alisema Gérard, kama alivyozoea kusema semina inapokaribia chakula cha mchana. Akaingia ndani. Processus ikaendelea msimu mzima wa mvua, na jenereta haikutoka.

Asubuhi moja, familia ilipokuwa imekwenda Idjwi kwenye harusi, Madeleine alishuka kutoka Kadutu na godoro, masufuria na watoto wake wadogo. Protocole aliwapokea akiruka kama mtoto wa mbwa. Walitoa jenereta, wakafagia makaa, wakapiga deki mpaka sakafu ya Bisimwa ikaonekana, nyekundu kama alivyoiacha. Madeleine alipika ugali kwenye ua wake, akala akiwa ameketi chini, miguu ameinyoosha. Alilia kidogo, akacheka, watoto wakamshangaa.

Gérard na familia waliporudi waliingia getini na kutokea barabarani.

"Maman Madeleine!" aliita Gérard. "Tuko hapa!"

"Nawaona," alisema Madeleine.

"Sema basi."

Madeleine akaendelea kuanika nguo za watoto kwenye kamba. Gérard alizitambua kamba na hata namna zile nguo zilivyopangwa, na kwa mara ya kwanza tangu anunue kile kiwanja aliogopa. Nyumba ile ndiyo iliyomfanya aitwe papa Gérard na watu waliomzidi umri. Bila ile nyumba angekuwa mtu wa semina tu, na watu wa semina Bukavu wamejaa.

Wakalala kwa dada yake Domitille, watatu kwenye chumba kimoja. Polisi waliitwa. Waliingia na bunduki zao, wakatokea barabarani na bunduki zao, wakaomba pesa ya mafuta. Mdogo wa marehemu Bisimwa alikuja kumgombeza shemeji yake, naye mbwa hakumpa hata nafasi ya kufika getini. Alijikuta stendi ya magari ya Walungu. Kila siku Madeleine alionekana kwa juu ya ukuta akifanya mambo ya kawaida ya mtu aliye kwake. Wapita njia walianza kumwamkia.

Ni Maître Didier aliyeliona jambo. Alikuwa mtu mwenye akili, lazima tumpe haki yake.

"Imbwa inalinda parcelle," alimwambia Gérard. "Sawa. Lakini bale batoto ya uyu maman, bakubwa, banaishi wapi?"

Mtoto wa kwanza wa Madeleine, Bienfait, alikuwa dereva wa pikipiki mjini. Hakuwa na kosa, kwa hiyo ilichukua muda kidogo kumpatia moja. Alikamatwa mchana, mzunguko wa magari ukiwa umejaa watu, akawekwa kachoti, mahabusu ya polisi, akiwa na kofia yake ya pikipiki mkononi. Hakuna mbwa aliyemlinda. Walimvua mkanda na viatu, na aliyempelekea mama yake habari alipeleka na viatu.

Madeleine aliviweka vile viatu mlangoni pa chumba cha Bisimwa, akakaa karibu navyo mpaka kivuli cha ukuta kilipofika ua wote. Protocole alilala miguuni pake. Barabarani Gérard alikuwa amesimama na Domitille, na Charlène aliyekuwa anakohoa, na masanduku yao ya harusi. Maître Didier alikaa ndani ya gari akizungumza na simu, dirisha limefunguliwa ili asikike kwamba anazungumza na kamanda.

Mwishowe Madeleine akainuka, akaja getini. Hakumtazama Gérard. Alimtazama Charlène.

"Bienfait atoke kwanza," alisema.

"Atatoka," alisema Maître Didier, akiziba simu kwa kiganja. "Neno lako tu, maman."

Bienfait alitoka jioni hiyo hiyo, bila viatu. Watoto wadogo wakabeba masufuria kurudi Kadutu. Jenereta ikarudi mahali pake. Domitille, ambaye hakuwa na roho mbaya, alimbadilishia Madeleine kigoda kile, akampa kiti chenye mgongo.

Siku hizi mambo yanakwenda vizuri. Gérard ameshaeleza mfano huo katika semina tatu, na washiriki huandika. Jioni anafika, anasimamisha gari mbele ya geti, anashusha kioo, anasema, "Bonsoir, maman." Madeleine, ndani ya fulana yake, anasema, "Muingie." Mbwa hainuki hapo hapo. Anamgeukia Madeleine kwanza, anamtazama usoni, sikio lake zima limesimama, na gari linangoja likinguruma. Jioni nyingi Madeleine inabidi aseme mara ya pili, kwa sauti, kwa sababu mara ya kwanza mbwa hamwamini.